Mstari Nyuma ya Sikio

Kinyozi hajinyoi, na Bi Kioo, pamoja na ubingwa wake wote, hakuweza kujipaka dawa ya nywele kisogoni mwake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu, na hiyo peke yake, iliyomfanya ampe mume wake brashi. Vinginevyo asingempa mtu. Yule mama alikuwa haazimi hata chanuo, sembuse siri ya kazi.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyokaa: viti viwili, sinki la kulazia shingo, rafu ya machupa, na kioo kikubwa kilichofungwa kwenye fremu ya magurudumu. Hicho kioo ndicho kilichompa jina. Mteja akishaketi, Bi Kioo hukigeuzia ukutani, wala hakigeuzi tena mpaka kazi iishe. Mtu akijiona katikati ya kazi, alisema, huanza kutoa maoni, na maoni yakianza, kazi inaharibika. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na nusu ya hiyo aliimaliza akiwa amesimama wima nyuma ya vichwa vya watu.

Sifa yake ilikuwa moja. Nywele alizozigeuza kuwa za dhahabu zilikuwa dhahabu tangu kwenye ngozi hadi nchani. Kwa wasusi wengine ungeona nywele zinang'aa vizuri, lakini ukimchungulia mtu utosini unakuta mizizi imebaki na wekundu wa shaba, kama sufuria iliyosuguliwa juu juu. Kwa Bi Kioo, hapana. Watu walijaribu nyumbani kwao, wakaharibu, wakaja kwake wamefunga vilemba na wamenyong'onyea.

Na njia yake haikuwa uchawi. Ngozi ya kichwa ina joto, na joto huharakisha dawa, kwa hiyo anayeanza na mizizi ameshakosea. Bi Kioo aligawa kichwa mafungu manne, akapaka katikati ya nywele na nchani, akaacha upana wa kidole karibu na ngozi. Mizizi aliifanya mwisho. Kisha alingoja, na hapo kwenye kungoja ndipo wengi waliposhindwa. Dawa haioshwi kwa saa, alisema, inaoshwa kwa macho. Nywele hupita kwenye wekundu, zikapita kwenye machungwa, na zikifika rangi ya ganda la ndizi kwa ndani, osha. Ukiosha kabla, shaba umejitakia mwenyewe. Baada ya hapo, dawa ya zambarau, dakika chache tu, ya kuua unjano uliobaki. "Mwenye macho haambiwi tazama," alipenda kusema, huku akijigonga kidole chini ya jicho.

Nywele zake mwenyewe alizifanyia nyumbani, kila baada ya wiki tano, siku ya Jumapili asubuhi. Mbele alipaka mwenyewe. Kisogo alimwachia mumewe.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu mrefu, mkimya, wa mkono wa kushoto. Alikuwa amepaka nusu ya kuta za mtaa ule kabla ngazi haijamwangusha na kumwachia nyonga mbovu. Tangu hapo alipata vikazi vya kufanya amesimama chini: milango, madirisha, mageti, chochote kisichotaka kupanda. Kichwa cha mkewe alikifanya kama ukuta. Alibandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, kuzunguka ukingo wa nywele ili dawa isiguse ngozi. Akapaka pembezoni kwanza, akianzia nyuma ya sikio la kushoto, ndipo akaingia katikati. Tepu ikibanduliwa, chini yake hubaki kiuzi chembamba cha nywele nyeusi, kimenyooka kama kilichopigwa rula.

"Huu si ukuta, baba," mkewe alimwambia kila mara. "Kichwa hakina pembe."

Naye hujibu kwamba kila kitu kina pembe, ila watu hawaangalii. Mstari ule haukuwahi kwisha. Bi Kioo, ambaye mtu mwingine angemfanyia vile angemfuata mpaka kwao, aliuacha. Tuseme ukweli, aliupenda. Mabinti zao wawili walikuwa wameshaolewa, nyumba ilikuwa kimya, na mume hakuwa mtu wa maneno. Ile saa moja ya Jumapili, vidole vya mumewe vikipita taratibu shingoni, ndiyo iliyokuwa imebaki ya ndoa ya miaka ishirini na minane ambayo Bi Kioo angeweza kuinyooshea kidole akasema, hii hapa ni yangu.

Sasa sikiliza jinsi shaka ilivyoingia, maana haikubisha hodi.

Ilianza na chupa. Dawa ya zambarau iliyokuwa ikimfikisha miezi miwili sasa ilimfikisha mmoja. Tena rangi yenyewe ilikuwa si ile, imekuwa kama maji ya kahawa. Bi Kioo akaenda kwa mwenye duka la vipodozi akamwambia waziwazi kwamba siku hizi anachakachua. Mwenye duka akaapa kwa mama yake mzazi. Akafungua chupa mpya mbele yake, akammiminia kiganjani. Bi Kioo akatazama, akasema hata hiyo imechakachuliwa, akaondoka amevuta mdomo. Lakini nyumbani alichukua kalamu, akaweka alama kwenye lebo pale dawa ilipofikia. Siku mbili saluni ilikuwa imefungwa, na siku ya tatu dawa ilikuwa imeshuka vidole viwili chini ya alama.

Haya. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu: yeye, mumewe, na wifi yake. Yeye hakuchukua. Mume ana kazi gani na zambarau? Akabaki wifi.

Wifi huyo, dada mkubwa wa mume, alikaa chumba cha uani, na kwa miaka kumi na moja ndiye aliyekuwa akiosha vichwa saluni. Ila mwaka jana, mbele ya mteja, alikuwa amesema neno. Alisema, kwa sauti ya kawaida tu, "Wifi, mbona mizizi hii shaba?" Bi Kioo alimpa vidonge vyake pale pale, kimoja kimoja, vya utoto wake na vya utu uzima wake, akamwambia wivu utamtoa roho, na asimwone tena karibu na sinki lake. Wifi akafuta mikono, akasema, "Nyani haoni kundule," akaenda zake uani. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa kukohoa.

Kwa hiyo Bi Kioo alijua. Wifi ameanzisha saluni yake ya kificho kwa dawa za watu. Akangoja siku wifi ametoka, akaingia chumbani mwake, akapekua. Akakuta mabonge ya nyuzi za kufuma, fulana za wajukuu, na pakiti ya biskuti imefichwa chini ya mto. Akala mbili kwa hasira, akatoka.

Lakini wateja walikuwa wanapungua, hilo halikuwa la kubuni. Na waliopungua, akikutana nao njiani, wote wamefunga vitambaa. Jua linawaka, mtu amejizungushia kitambaa kichwani kama anaumwa. Halafu wanamsalimia kwa utamu uliopita kiasi. "Za kazi, Bi Kioo? Umependeza, Bi Kioo." Nani husalimia hivyo kama hafichi kitu?

Na mume naye alikuwa amebadilika. Hapo ndipo roho ya Bi Kioo ilipoanza kukosa usingizi. Yule mtu aliyekuwa akiombwa mara saba atengeneze kitasa, sasa alipaka upya ukuta wa saluni bila kuombwa, rangi nyeupe. Rangi yenyewe ya bei rahisi, maana haikumaliza wiki ikawa njano, na Bi Kioo alimwambia. Alibadilisha balbu juu ya kiti, akaweka yenye nguvu zaidi, mwezi uliofuata akabadilisha tena, na tena. Mwanamume akianza kubadilisha balbu bila kuombwa, Bi Kioo aliwaza, kuna jambo anaomba asamehewe.

Halafu mashati. Alikuwa na mashati matano meupe, ndiyo aliyoyapenda akimaliza kazi. Yote yaligeuka njano. Bi Kioo alilaumu sabuni, akabadilisha sabuni. Akamlaumu wifi kwa kuloweka ya kwake pamoja. Mwisho akamshikia mume shati moja mbele ya uso, akamuuliza anakwenda kukaa kwa nani wanakovuta sigara kiasi hiki.

Mume alilitazama shati, akamtazama yeye.

"Shati hili ni jeupe, mama watoto," akasema.

Mkavu wa macho! Mtu anakudanganya, na ushahidi umeushika mkononi. Bi Kioo alilitupa kwenye beseni, na kuanzia siku hiyo alianza kumhesabia. Alikwenda wapi, alirudi saa ngapi. Akanusa nguo zake: hazikunuka rangi, zilinuka dawa ya kupausha, ile kali ya kuwasha pua. Akaangalia suruali ya kazi. Mpaka rangi hurudi na madoa yaliyoongezeka. Huyu alirudi na madoa yaliyopungua, vitone vyeupe pale ambapo bluu ya kitambaa imelika.

Akiulizwa, alikuwa anapaka mlango wa Mama Vifungo. Jumatatu, mlango wa Mama Vifungo. Alhamisi, mlango wa Mama Vifungo. Mlango gani huo, Bi Kioo alijiuliza, wa ikulu?

Mama Vifungo alikuwa mjane mwenye duka la vifungo, zipu na nyuzi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye vishimo mashavuni. Alikuwa mteja wa Bi Kioo wa siku nyingi, na wiki tatu zilizopita alikuwa ametoka saluni kwake na kichwa kipya. Tangu hapo hajapita hata kutoa salamu.

Bi Kioo akajikaza kisabuni, akaenda dukani, akaomba zipu ya sketi. Mama Vifungo alikuwa amefunga kitambaa utosini, amejifunga vizuri, nywele zinaonekana pembeni tu, kuzunguka masikio. Akachangamka kupita kiasi. Akauliza zipu ya urefu gani, akainama kuvuta droo ya chini.

Na pale alipoinama, Bi Kioo akauona. Nyuma ya sikio la kushoto, kiuzi cha nywele nyeusi, kimenyooka kama kilichopigwa rula. Na kwenye ukosi wa gauni, kipande cha tepu ya karatasi kimenasa, kidogo tu, cha ukubwa wa ukucha.

Wengine wangehitaji barua, au mtu wa kuwaambia. Yeye alihitaji ule mstari tu. Duniani palikuwa na mkono mmoja wenye kosa lile, na kosa lile lilikuwa mali ya Bi Kioo, alikuwa amelilea miaka yote. Si wivu wa kupiga kelele, ni uchungu, uchungu hasa, wa mtu aliyekuta kikombe chake anachonywea peke yake kiko mdomoni kwa mwingine. Alitoka bila zipu.

Mezani mchana hakumtazama mumewe usoni.

"Mlango wa Mama Vifungo umekwisha?" akauliza.

"Pembeni tayari," mume akajibu. "Alhamisi namalizia katikati."

Akasema hivyo akipuliza chai, bila hata kupepesa. Bi Kioo aliamua pale pale, kijiko mkononi. Alhamisi atakwenda. Akikuta mlango unapakwa rangi, atarudi nyumbani, atanyamaza, na shaka yake ataimeza mpaka afe nayo. Akikuta mkono wa mumewe uko kwenye nywele za mwanamke yule, basi, miaka ishirini na minane imefika mwisho, hatalala tena nyumba hii.

Alhamisi mume aliondoka saa nane, anachechemea, mfuko wa kazi begani. Bi Kioo akafungua kabati. Alichukua ndoo kubwa tupu ya rangi, akaisuuza, maana hata katika hasira alikuwa mtu wa usafi, akapanga ndani yake nguo za mume: suruali tatu, sweta, mashati yote matano yaliyogeuka njano, na kiwembe chake juu. Akaiweka ndoo kizingitini, mlango wa mbele, mahali ambapo mtu hawezi kuingia bila kuikwaa.

Wifi alikuwa ametoka uani, amesimama na ufumaji wake.

"Wifi, nani anasafiri?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mwaka jana.

"Kaka yako."

Wifi aliitazama ndoo, akamtazama yeye. Bi Kioo alitegemea matusi, au kicheko. Wifi akasema tu, "Nenda. Lakini ukifika, tazama vizuri." Kumbe anajua, Bi Kioo akawaza. Wote wanajua. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa uani kwake miaka yote.

Duka lilikuwa limefungwa, kikaratasi kinaning'inia. Akazunguka kwa nyuma, kwenye mlango wa nyumba. Na mbele ya mlango wenyewe akasimama kidogo: rangi ya miaka na miaka, imebabuka, kuna mahali ukucha ungeweza kuiinua. Hakuna brashi iliyougusa. Akapitisha kiganja juu yake kuhakikisha, kisha akausukuma.

Mama Vifungo alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, taulo mabegani, tepu ya karatasi imemzunguka kichwa chote kama mzigo unaosubiri kutumwa. Mume alikuwa nyuma yake, amesimamia mguu mzima, miwani puani, anakoroga dawa bakulini. Juu ya meza ilikaa chupa ya zambarau, na kwenye lebo, alama ya kalamu.

Njia nzima Bi Kioo alikuwa amepanga maneno, makali, ya kukumbukwa. Yote yakamtoka kichwani.

"Hata chupa yangu," akasema.

Mume hakushtuka. Aliweka bakuli mezani, akavua miwani. Alionekana mtu aliyechoka kwa muda mrefu akaambiwa akae.

"Umekuja," akasema.

Ni Mama Vifungo aliyezungumza, kwa haraka, tepu ikimvuta ngozi ya paji la uso. Alimwomba dada asimkasirikie huyu mzee, hana kosa. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kuja saluni siku ile ile, alalamike mbele ya watu, maana alikuwa na harusi ya mpwa wake na hakuweza kwenda na kichwa kile. Alikuwa ameshashika njia. Huyu mzee ndiye aliyekutana naye, akamwona, akamwomba arudi nyumbani, akamwambia atamtengenezea mwenyewe, asiseme neno kwa mtu.

"Kichwa kipi?" Bi Kioo akauliza.

"Ulinitoa na mizizi ya machungwa, dada."

"Kazi yangu haitoki na machungwa. Nilikutazama mwenyewe kabla sijaosha."

"Ndiyo," Mama Vifungo akasema polepole. "Ulinitazama."

Mume akakigeuza kigoda kielekee dirishani. Jua la saa tisa lilikuwa linaingia lote. Akachukua mkia wa chanuo, akatenganisha nywele juu ya sikio. Akaeleza kwa sauti yake ile ile ya kuelezea ukuta. Pembeni hapa alipaka Jumatatu, akaosha, zimekauka. Katikati hapa hajagusa, ni kama zilivyotoka saluni. Dawa ya leo bado iko bakulini.

"Tazama huku," akasema. "Halafu tazama huku."

Bi Kioo aliinama. Akatazama huku. Akatazama huku. Akazivuta nywele zikae juani kabisa, akazisugua kati ya vidole, akasogeza uso mpaka pumzi yake ikazitikisa. Huku ganda la ndizi. Huku ganda la ndizi. Hakuona tofauti hata ya nukta.

Wamepanga, akawaza kwanza. Wamekaa wakapanga, wanifanye mwendawazimu. Akainua kichwa ghafla amkamate Mama Vifungo anacheka. Mama Vifungo hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama magoti yake, machozi yanamlengalenga.

Basi, kwa kuwa alikuwa mtu asiyeamini neno la mtu, aliamua kupima mwenyewe. Akamwambia Mama Vifungo amletee vifungo kutoka dukani, vya rangi mbalimbali, amwage mezani, na wote wawili wanyamaze. Vikaja kwenye sinia, vidogo vya mashati, vinagongana. Bi Kioo akavuta kiti, akaketi. Alisema atatoa vyeupe kumi. Akavichagua bila haraka, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele, kila kimoja akikiinua dirishani. Kumi. Akavikusanya kiganjani, akamnyooshea mumewe.

"Vyeupe ni vingapi?"

Mume alivitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nataka ukweli, baba."

"Viwili," akasema. "Vitano ni vya rangi ya maziwa. Vitatu ni njano."

Mama Vifungo alijifuta pua kwa pembe ya taulo. Bi Kioo alibaki ameshikilia kiganja wazi, vifungo vyake kumi vinavyofanana ndani yake, na hofu ikamshika, hofu ya kweli, maana alielewa kwa mara moja mambo mengi. Chupa. Ukuta. Vitambaa vya watu wote wale njiani.

"Wangapi?" akauliza.

"Kumi na mmoja. Wengine mara mbili."

"Na vile vilemba?"

"Wanafunga mpaka nimalize. Ili mtu asiwaulize nani kawatengeneza."

Hapo akakasirika, na afadhali alikasirika, maana alikuwa karibu kuanguka. Alimuuliza ni mume gani huyu anayemwacha mkewe aaibike mtaa mzima, watu wanamsalimia kwa huruma, naye anajiona bingwa. Kwa nini hakumwambia? Ana mdomo wa nini?

"Aliyekuambia ulimfukuza," mume akasema. "Miaka kumi na moja anakuoshea vichwa, kwa neno moja ulimfukuza. Na mimi nilikuambia. Nilikuambia shati ni jeupe. Nikapaka ukuta. Nikaweka balbu tatu, nikasema labda ni mwanga." Akasita. "Nilimwona daktari wa macho peke yangu, nikamweleza. Amesema kwa dalili hizo ni mtoto wa jicho, ule ukungu wa macho unaogeuza nyeupe kuwa njano, macho yote mawili, na anaweza kuuondoa. Nimekaa na hilo neno mwezi mzima, nikiogopa utanifukuza na mimi."

Bi Kioo akaikumbuka ndoo, huko kizingitini.

Alivirudisha vifungo kwenye sinia. Akanyanyuka, akatazama bakuli, na kitu fulani ndani yake kikasimama sawa, kwa mazoea tu, kama mguu unaojua ngazi za nyumbani.

"Dawa hiyo inakufa," akasema. "Ikishakorogwa haikai. Lipe mgongo dirisha, mwanga umwangukie kichwani. Paka penye machungwa peke yake, usishuke, huko chini zimeshakula dawa, zitakatika."

Akashika bakuli. Mume akashika brashi kwa mkono wa kushoto. Walifanya hivyo, yeye akishika, mume akipaka, na Mama Vifungo kati yao hajui acheke au alie. Walipomaliza walisimama wakangoja, na Bi Kioo alikuwa hajawahi kungoja hivyo maisha yake yote.

"Sasa?"

"Machungwa."

Dakika zikapita.

"Sasa?"

"Bado."

Akataka kubisha. Kwake zilikuwa zimefika zamani. Aliuma mdomo.

"Sasa?"

Mume aliinama, akafuta dawa kidogo kwa kidole, akatazama.

"Ganda la ndizi," akasema.

"Osha."

Walirudi nyumbani pamoja, taratibu, kwa mwendo wa nyonga. Wifi alikuwa amevuta kigoda akaketi karibu na ndoo, anafuma, kama mlinzi. Mume aliiona ndoo kabla hajafika mlangoni. Akasimama. Akaona kiwembe chake juu.

"Nilikufungashia," Bi Kioo akasema. Hakutafuta uongo.

Mume akatikisa kichwa polepole, akainama kuiinua, nyonga ikamkatalia. Bi Kioo akashika upande wa pili wa utambo wa ndoo. Kabla hawajaingia, aligeuka.

"Wifi," akasema. "Kesho uje saluni. Kioo hakigeuzwi tena ukutani, na wewe utaniambia rangi, mpaka daktari amalize na mimi."

"Nitakuja," wifi akasema, hakuinua macho kwenye nyuzi. "Lakini nitasema ninachokiona."

"Ndicho ninachokuitia."

"Na biskuti zangu mbili."

Chumbani Bi Kioo aliketi kitandani, ndoo katikati ya miguu. Akatoa shati la kwanza, akaliinua mbele ya dirisha. Kwake lilikuwa njano, njano ya zamani, ya karatasi iliyosahauliwa juani.

"Hili?"

"Jeupe," mume akasema kutoka mlangoni.

"Na hili?"

"Jeupe."

"Yote?"

"Yote. Hayakuwahi kugeuka."

Alilikunja la kwanza, akalikunja na la pili. Yote matano aliyarudisha kabatini, akaifunga milango, akamwuliza Jumapili ya kupakwa kisogo chake ni tarehe ngapi.